Magurudumu ya fiksi kwa mfuko mwembamba: anza na habu ya nyuma

Mwenye baiskeli ya fiksi akipata pesa kidogo, jicho lake la kwanza huenda kwenye ringi. Ringi zenye ubavu mrefu, nyekundu au nyeusi tii, ndizo zinazosifiwa kijiweni. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, hakuna anayeiuliza. Lakini kwenye fiksi, yaani baiskeli isiyo na frii (kifaa cha nyuma kinachoruhusu miguu itulie baiskeli ikiendelea), ambayo pedeli haziachi kuzunguka maadamu gurudumu la nyuma linazunguka, uhai wa mwendeshaji uko kwenye nyuzi chache za habu ya nyuma. Tumesuka, tumevunja na kusuka upya magurudumu ya namna hii Dodoma kiasi cha kufikia mpangilio mmoja: pesa ianze habu ya nyuma, iende kwenye spoku na mkono wa msukaji, halafu tairi. Ringi ya kupendeza isubiri. Gurudumu la mbele, hata la mtumba linatosha.

Kwenye baiskeli ya kawaida, frii hujikaza yenyewe kadiri unavyokanyaga, na hakuna kinachoifungua barabarani. Kwenye fiksi unapozuia pedeli ili kupunguza mwendo, nguvu inageuka: sproketi, yaani duara la meno linalovutwa na cheni, inasukumwa upande wa kufunguka. Ndiyo maana habu halisi ya fiksi ina ngazi mbili za nyuzi. Ya ndani, ya sproketi, ni inchi 1.37 yenye nyuzi 24 kwa inchi, na hufungwa kwa kulia. Ya nje ni nyembamba kidogo, inchi 1.29, na nyuzi zake ni za kushoto. Hapo ndipo inapokaa nati ya kufungia, ambayo mafundi huiita loki. Sproketi ikitaka kufunguka, inaigandamiza loki, na loki kwa kuwa ni ya kushoto inazidi kukaza. Ujanja wote wa fiksi uko hapo.

Mtego ni kwamba nyuzi za frii ya kawaida nazo ni 1.37 kwa 24. Kwa hiyo sproketi ya fiksi inaingia vizuri kabisa kwenye habu ya Phoenix au ya baiskeli yoyote ya mtumba yenye frii ya kufunga kwa nyuzi, na muuzaji atakuambia kwa moyo mweupe kwamba "inakubali." Inakubali, ila hakuna ngazi ya pili ya loki. Wapo wanaobana kwa gundi ya nyuzi na nati ya kikombe cha krenki, ambayo nayo ni ya kulia. Siku ukizuia pedeli kwa nguvu kwenye mteremko wa kushuka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), sproketi na nati vinafunguka pamoja, miguu inabaki inazunguka hewani. Kama huna breki ya mbele, hapo huna breki yoyote. Tukiulizwa kuhusu habu ya namna hii jibu letu ni fupi: usiipande. Na hata kwenye habu halali, breki ya mbele ibaki.

Unapoishika habu dukani, usiangalie rangi, angalia nyuzi. Ziwe na kina, kingo zikiwa safi, bila vumbi la chuma au alumini lililobaki baada ya kuchongwa. Beba sproketi yako mfukoni uijaribu: iingie kwa vidole, bila spana, mpaka igote kwenye bega la habu. Ikichezacheza kabla ya kugota, nyuzi ni legevu, rudisha. Kisha funga loki na utazame inapogota. Inatakiwa igote kwenye sproketi. Sproketi nyembamba ya inchi 3/32 kwenye habu iliyochongwa kwa ajili ya ile nene ya inchi 1/8 huacha nafasi, loki ikagota kwenye mwili wa habu. Wewe unadhani umekaza, kumbe sproketi ina uwazi wa nusu milimita wa kurudi nyuma. Uwazi huo unatosha kula nyuzi zote kwa wiki chache. Na sproketi nene ina faida nyingine kwetu: cheni ya 1/8, ile ya baiskeli za mizigo, inapatikana kila mahali na ni ya bei rahisi. Cheni hiyo inakaa hata kwenye sproketi nyembamba. Cheni nyembamba haikai kwenye sproketi nene.

Habu yenye pande mbili, upande mmoja fiksi na mwingine frii, ni ununuzi wa akili kwa mwenye mfuko mdogo. Goti likiuma au safari ikiwa ndefu, unageuza gurudumu, unaendelea. Ukigeuza, breki ya mbele pekee haitoshi tena. Ongeza ya nyuma.

Kabla ya kutoa hata mia, pima fremu. Upana kati ya miguu ya nyuma ambamo ekseli inaingia: fremu za fiksi ni milimita 120, za kozi (baiskeli za mbio za barabarani) za zamani 120 au 126, za kozi za baadaye zenye breki za ringi 130, za mlimani mara nyingi 135. Habu nyingi za fiksi ni 120. Kwenye fremu ya 126 unaweka washa za milimita 3 kila upande na kazi imeisha. Kwenye 130 weka tano kila upande, ila hakikisha ekseli ni ndefu ya kutosha, nati ishike nyuzi zote. Kuibana fremu ya chuma kwa nguvu ya nati ili ifikie habu ni kuikaribisha ipasuke. Pia tazama tundu la ekseli lilivyokatwa. Likiwa limelala, unaweza kuvuta gurudumu nyuma kukaza cheni. Likiwa wima, hakuna pa kuvuta, na fiksi haina kifaa kingine cha kukaza cheni. Fremu hiyo iache kwa mwenye gia.

Saizi ya gurudumu ndiyo inayomwaga pesa za watu wengi. Usisome "27" au "28" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Soma tarakimu tatu za mwisho ubavuni mwa tairi, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi inapokaa. Phoenix ya 28 kwa 1½ ni 635. Kozi ya zamani ya inchi 27 ni 630. Baiskeli ya mjini ya Kijapani iliyoandikwa 27 kwa 1 3/8 ni 609, haihusiani kabisa na hiyo ya 630 ingawa zote zinaitwa 27. Ya inchi 26 ya Kijapani ni 590, ya mlimani ya inchi 26 ni 559. Ringi za fiksi karibu zote ni 622, ile inayoitwa 700C, na ndiyo tunayoshauri kwa sababu hata tairi za mlimani za inchi 29 ni 622 hiyo hiyo.

Ukihama kutoka 630 kwenda 622, ringi inashuka milimita 4 kila upande, kwa hiyo raba za breki lazima nazo zishuke milimita 4. Tazama kama tundu refu la mkono wa breki linaruhusu. Faida yake ni nafasi ya tairi pana zaidi. Mwenye fremu ya Phoenix anashuka milimita 6.5, na breki zake za vyuma zinazovutwa kwenda juu hazitashika tena, maana zile hubana ringi kwa chini, siyo kwa ubavu. Itabidi atafute breki ya kubana ubavu yenye mikono mirefu. Na ahesabu matundu: Phoenix kwa desturi ni spoku 32 mbele na 40 nyuma. Habu ya matundu 36 haisukwi kwenye ringi ya 40, hata fundi akiwa bingwa kiasi gani.

Sasa ringi. Kwa Dodoma tunapendelea ringi ya alumini yenye kuta mbili, ubavu mfupi, matundu 36 nyuma na 32 mbele. Ukuta mmoja utaujua ukichungulia ndani: unaona vichwa vya vinati vya spoku vimekaa wazi kabisa juu ya bapa moja. Ringi hiyo hupinda kwenye tuta la kwanza lililofichwa na kivuli. Kumbuka pia kwamba fiksi haikuruhusu kusimama na pedeli zikiwa sawa na kuinua makalio polepole ukivuka rasta. Miguu inazunguka hata katikati ya tuta, kwa hiyo gurudumu la nyuma hupokea uzito mzima wa mwendeshaji. Ringi za nyuma za fiksi hufa mapema kuliko za mbele kwa sababu hiyo, wala si kwa ubovu wa kiwanda. Seti za spoku 20 au 24 waachie watu wa mbio za uwanja wa mbao.

Ubavu mrefu, milimita 40 na zaidi, una matatizo matatu hapa. Kwanza uzito: ringi ya alumini ya kina hicho hukaribia gramu 700 au kuzidi, wakati ya ubavu mfupi yenye kuta mbili huwa kati ya 450 na 550. Pili upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wetu unatoka mashariki na hauombi ruhusa. Ukiwa barabara ya Morogoro kuelekea Ihumwa unaupokea usoni, unachosha tu. Lakini barabara ya Iringa inashuka kusini, upepo unakupiga ubavuni, na gurudumu la mbele lenye ubavu mrefu linakuvuta kuelekea katikati ya barabara wakati lori linapita. Anayetaka sura aweke ringi ndefu nyuma pekee. Tatu, na hili watu hulisahau: nyingi ya ringi hizo zimepakwa rangi mpaka kwenye ubavu, hazina sehemu ya breki iliyochongwa. Raba ya breki inateleza, inapiga kelele kama mbuzi, na baada ya mwezi rangi imebanduka kwa mabaka. Ringi ya mbele lazima iwe na ukanda mweupe wa alumini iliyochongwa pande zote mbili.

Ringi uliyonayo huenda inafaa kusukwa upya. Legeza spoku zote, itoe, ilaze kwenye sakafu ya terazo au kioo cha meza. Ikikaa tuli, au ikicheza chini ya milimita 2, isuke. Ikicheza zaidi, fundi atalazimika kuinyoosha kwa nguvu za spoku, upande mmoja ukazwe mno na mwingine uachwe legevu, na spoku zitakatika mmoja baada ya mwingine. Tazama pia nyufa ndogo kuzunguka matundu, na weka rula kwenye ubavu wa breki: ukiwa umebonyea kama sahani, ukuta umeliwa.

Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 2. Jaribu kwa sumaku: za mabati zinanasa kwa nguvu, zile nyingine hazinasi au zinanasa kidogo sana. Spoku nene za baiskeli za mizigo, milimita 2.3 hivi, zinabana kwenye matundu ya habu ya fiksi na zinahitaji vinati vyake. Vinati viwe vya shaba.

Urefu usikadirie kwa macho. Tafuta kwanza kipenyo cha ringi pale kichwa cha kinati kinapokaa: chukua spoku mbili za zamani zilizokatwa milimita 260 kila moja, zifunge vinati mpaka mwisho wa spoku ulingane na kichwa cha kinati, zipitishe kwenye matundu mawili yanayotazamana, zivute na upime pengo kati yake. Pengo likiwa 80, kipenyo ni 600. Kwenye habu pima duara linalopita katikati ya matundu ya spoku, na umbali wa sahani ya habu kutoka katikati. Kwa mfano, kipenyo cha ringi 600, duara la habu 63, umbali wa sahani 35, kila spoku ikipishana na nyingine tatu: gurudumu la matundu 36 linataka spoku za milimita 286, la matundu 32 linataka 290. Habu ya fiksi yenye nyuzi pande zote ina raha moja: kushoto na kulia ni urefu uleule, na ringi inakaa katikati bila kuegemea, kwa hiyo spoku zote zinabeba sawa. Kama unaagiza Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi mpaka stendi ya Nzuguni, taja milimita, usiseme "za 700." Nunua nne za ziada.

Msukaji mzuri utamjua kwa anachofanya baada ya ringi kunyooka. Fundi wa haraka akiona haichezi tena anadai pesa yake. Aliyekomaa anashika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, anazibana kwa kiganja kwa nguvu zote, anazunguka gurudumu zima. Utasikia zinalia, zinajipanga. Ringi inacheza tena kidogo, anainyoosha, anarudia mpaka kilio kiishe. Asipofanya hivyo kazi hiyo itafanywa na rasta za barabarani, na gurudumu litarudi limepinda ndani ya wiki. Mchezo wa kushoto na kulia usizidi nusu milimita hadi moja. Kwa kuwa kipimo cha mkazo ni nadra kukikuta kwa fundi wa mtaani, tumia sikio: gonga kila spoku kwa ukucha karibu na habu, sauti za upande mmoja zifanane. Sauti nzito kama ya uzi wa nguo ni spoku legevu. Wengi wanaamini spoku hukatika kwa kukazwa sana. Mara nyingi ni kinyume. Spoku legevu hujikunja na kujinyoosha kwenye kiwiko kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kichoke na kukatika hapo hapo kwenye kiwiko.

Ukinunua seti iliyokwisha kusukwa kiwandani, habari ni hiyo hiyo. Za bei ya chini huja zikiwa zimenyooka lakini legevu. Mlipe fundi azikaze kabla hujazipanda.

Beringi ni suala la vumbi. Habu za koni na gololi zinarekebishika popote: gololi za robo inchi, tisa kila upande nyuma, mbele za 3/16, kumi kila upande. Zipakwe grisi mpya mwanzoni mwa mvua za Desemba na mara moja zikiisha. Habu za beringi za kufunga hazihitaji kuguswa, ila siku zikifa unatafuta namba. Imeandikwa kwenye ubavu wa beringi: 6000 ni 10 kwa 26 kwa 8, 6001 ni 12 kwa 28 kwa 8. Hizo utazikuta hata kwenye maduka ya vipuri vya mota. Sisitiza alama ya 2RS, yaani mpira pande zote mbili. Yenye ZZ ina kifuniko cha bati, na vumbi la Nkuhungu au Chang'ombe halizuiliwi na bati.

Kufunga sproketi: paka grisi kwenye nyuzi, kaza kwa mkono. Kama hakuna mkono wa cheni (mpini wenye kipande cha cheni wa kukazia sproketi), pindua baiskeli, zungushia kipande cha cheni kwenye bomba la krenki juu ya kitambaa, ncha nyingine ishike meno ya sproketi, kisha zungusha gurudumu kurudi nyuma mpaka likatae. Gurudumu zima ndilo mpini wa spana yako, kwa hiyo usitumie hasira. Panda mlima mmoja, kupanda kuelekea Chimwaga kunatosha, bila kuzuia pedeli hata mara moja. Rudi, ndipo ufunge loki, kwa kushoto, kwa spana ya ndoano. Nyundo na bisibisi hung'oa meno ya loki, na kesho yake hutaweza kuifungua wala kuikaza.

Idadi ya meno inaamua pia maisha ya tairi kwa wanaoserereka, yaani wanaofunga miguu ili gurudumu la nyuma liteleze. Sproketi ya mbele 48 na ya nyuma 16 ni tatu kwa moja kamili: kila ukifunga miguu, tairi inasagika palepale, na utamaliza tairi mpya kwa doa moja. Meno 46 kwa 16 yanatoa sehemu 8 za kusagika. 44 kwa 17 yanatoa 17, na kwa vilima vyetu vidogo na upepo ni uwiano mwepesi unaofaa. Hili halina gharama yoyote zaidi ya kuhesabu kabla ya kununua.

Tairi isiwe chini ya milimita 28. Kama fremu inaruhusu 32 na bado panabaki milimita 4 kila upande, weka 32. Upepo kwa mtu wa kilo 70: 28 ijazwe psi 75 hadi 85, 32 psi 55 hadi 70. Kuhusu valvu, ile nyembamba ya kozi ina tundu la milimita 6.5 kwenye ringi, na pampu yake ni adimu mtaani. Ya pikipiki inataka 8.5. Ringi ya kuta mbili yenye upana wa kutosha inaweza kutobolewa ifikie 8.5 na kingo zisuguliwe kwa msasa. Ringi nyembamba sana usiiguse. Ukijaza kwenye kompresa ya pikipiki, gusa na uachie, gusa na uachie. Tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde tatu za mfululizo zinaipasua.

Adui mkuu wa tairi hapa ni mbigili, kisha miiba ya migunga. Mvua zikiisha mbigili hukauka na kutawanyika kwenye njia za kando. Kata tyubu kuukuu kwa urefu, toa sehemu ya valvu, iweke kama kanda kati ya tairi na tyubu, kingo zake zikiwa zimesuguliwa ziwe laini ili zisiikate tyubu. Baada ya kila pancha pitisha kitambaa ndani ya tairi nzima kabla ya kurudisha tyubu. Kitambaa kikinasa, mwiba bado umo. Utoe kwa koleo kutoka nje.

Kilomita 50 za kwanza zikitimia, kaza loki tena, gonga spoku zote, na kaza nati za ekseli kwa spana namba 15. Cheni icheze sentimita 1 hadi 1.5 katikati, upime ukiizungusha krenki polepole, maana sproketi nyingi za bei nafuu si duara kamili, na pale cheni inapokaza zaidi ndipo pa kuchukulia kipimo.